Kazi Nyepesi ya Mjamzito

Jumatatu, 3 Februari. Homa Bay.
Vidonge na uji, kama kawaida. Mkono wa kulia unatetemeka. Vifungo vya gauni vimenishinda. Kliniki, daktari ameniuliza mama alifanya kazi gani akiwa na mimba yangu. Nikashangaa. Akaeleza kuhusu kutetemeka huku: huenda ubongo ulijeruhiwa na sumu tumboni mwa mama, jeraha likanyamaza, uzee ukalifichua. Huenda. Hakuapa.

Jumanne, 4 Februari
Nimekumbuka. Kwetu Kehancha mjamzito hapewi jembe, hupewa kazi nyepesi. Mama alichanganya mahindi ya ghalani na unga wa kuua fukusi, mikono mitupu. Alisimulia akicheka kwamba jioni alitoka mweupe kama mzimu. Walimpa kazi ile kwa kumpenda. Hilo ndilo linaloniuma.

Nimempigia simu Boke, mke wa mpwa wangu, huko Kehancha. Ana mimba ya miezi minne. Nimemuuliza anafanya nini siku hizi.

"Kazi nyepesi tu, shangazi. Nanyunyizia dawa kitalu cha tumbaku."

Kesho naenda.

Jumatano, 5 Februari. Kehancha.
Sikuwa nimekanyaga shamba la baba tangu vita vya koo vitufukuze. Kaka yangu Chacha alirudi, mimi sikurudi. Nimewaeleza maneno ya daktari, kisha nimefungia pampu na dawa stoo. Ufunguo uko shingoni mwangu. Chacha akanguruma:

"Dada, aliyekimbia hana sauti hapa."

"Nilikimbia mishale. Sikukimbia akili."

Ati namtukana mama kaburini. Uongo. Mama hakuambiwa na mtu. Sisi tumeambiwa.

Alhamisi, 6 Februari
Wadudu wanakula miche. Chacha hanisalimii. Naogopa: labda daktari amekosea, nami nawaharibia msimu bure. Ufunguo siutoi.

Ijumaa, 7 Februari
Chacha amekuja asubuhi, mpole kidogo.

"Mzee kama mimi nibebe pampu?"

"Tumbo unalo, kaka, ila halina mtoto."

Boke akacheka hadi akakaa chini. Chacha akanyoosha mkono. Nimempa ufunguo, glavu na barakoa.

Jumapili, 9 Februari
Nitakaa hapa mpaka Boke ajifungue, wapende wasipende. Ardhi ni ya baba yangu pia. Upepo ukivuma kutoka kitaluni, tunahamia nyuma ya nyumba.

Mtoto huyu akifikia umri wangu ndipo itajulikana kama nilikuwa sahihi. Sitakuwepo. Boke anachambua maharagwe, anaimba vibaya.