Kilio Kutoka Ipole

Mke mwenzangu Hadija,

Marahaba, salamu zako zimefika. Hapa Tabora tu wazima. Babu yako amepona mguu na ameanza tena kwenda msikitini mwenyewe.

Unaniuliza kama kazi yako ya kutunza kompyuta za ofisi ina maana, kwa kuwa hakuna anayekukumbuka mpaka zizime. Mimi enzi za Ujamaa nilikuwa opereta wa simu hapa mjini, nikichomeka nyaya ili watu wazungumze.

Alasiri moja ya mvua, muuguzi wa zahanati ya kijiji cha Ipole alipiga simu akimtaka daktari wa hospitali ya hapa mjini. Mtoto alikuwa amezaliwa na hapumui. Nikawaunganisha, lakini laini ilikuwa mbovu, hawakusikiana. Mimi niliyekaa katikati niliwasikia wote wawili.

"Mwambie amsafishe mdomo na pua," alisema daktari, "kisha amsugue mgongo kwa kitambaa."

Nikamwambia. Akaiweka simu mezani bila kuikata. Nikasikia mvua ikipiga bati la Ipole, na mama akimwita Mungu.

Kisha mtoto akalia. Kutoka mbali kote kule, kilio chake kikapita kwenye waya kikaniingia sikioni.

"Daktari, analia," nikasema. Akashukuru kwa sauti ya chini.

Aliyefuata kwenye laini alinigombeza kwa kumchelewesha. Nikamwomba radhi huku machozi yakinitoka, nikamuunganisha.

Mama yule hajui kwamba nilikuwepo. Lakini nilikuwepo, Hadija.

Bibi yako,
Zuwena