Mtalii Anayechambua Kungumanga

Gouyave,
Grenada.
Tarehe 6 Februari, 1994.

Mpendwa Dada Dora,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye baridi yenu. Hujambo, dada yangu? Magoti yanasemaje? Na shemeji Wilfred, kile kifua chake kimetulia? Kila redio ikitaja theluji Uingereza mimi nawaza hicho kifua. Mvalishe flana ndani, hata akinuna, mvalishe.

Huku mvua zimekatika na shelisheli zimezaa mpaka tunagawa kwa majirani. Na mimi, hapa ndipo mtu huandika kwamba yeye ni mzima wa afya. Kalamu imenikwama hapa tangu asubuhi. Basi nipapite kwanza, nitaparudia.

Kilichoniandikisha ni Lyris.

Ionie, jirani yangu anayefanya usafi kwenye hoteli za Grand Anse, ndiye aliyeniletea habari. Alimwona sokoni mjini anauza mikufu ya viungo kwenye meza yake mwenyewe. Dada, mwanangu yuko mwendo wa saa moja kwa basi kutoka mlangoni pangu, na mwaka wa nne huu sijausikia mguu wake. Mwaka juzi nilimfuata kanisani huko huko mjini. Aliniona nikiingia, akatokea mlango wa nyuma kabla padre hajamaliza sala.

Nikajiambia, Ianthe, ukienda sokoni na sura yako atakimbia tena. Ionie akanipa kofia pana na miwani myeusi walivyosahau wageni chumbani, na kamera isiyo na filamu. Jumamosi ya tarehe 29 meli kubwa iliingia. Nikasimama pale gatini mpaka watalii wakashuka, nikajichanganya nao, tukapanda kwenda sokoni mimi na wao. Waliniamini, dada. Mmoja aliniuliza nimetoka kabini namba ngapi!

Unalijua lile soko siku ya meli. Kelele, miavuli, kila mama anavuta mkono wa mtu. Mama mmoja mnene, baadaye nikamjua anaitwa Verna, akanidaka.

"Mrembo wa meli! Njoo unuse, kunusa ni bure!"

"Bei gani hii?" nikauliza kwa sauti ya puani, kama wewe ulivyokuwa ukiongea mwaka ule ulipokuja likizo. Usikasirike.

"Kwako wewe, mpenzi, bei ya ndugu."

Wa meza ya pili akadakia, "Verna, leo una ndugu meli nzima! Mama yako alikuwa na kazi!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Huku nyuma ya miwani macho yanamtafuta mwanangu meza hadi meza. Na kumbe wakati macho yanatafuta, mikono imeshika njia yake. Miaka ishirini na sita nimekaa benchi la kituo cha kungumanga, dada. Mikono haikuniuliza. Ilichukua kungumanga moja kwenye kikapu cha Verna, ikaitikisa sikioni. Ikisema, imekauka vizuri, inakwenda fungu la kulia. Isiposema, au ikiwa nyepesi, kushoto. Nilikuwa nimeshatenga mafungu mawili makubwa niliposikia ukelele.

"Hee! Jamani, njooni mumwone mtalii! Anachambua kungumanga zangu kama yuko kituoni Gouyave! Bibi wewe, nani amekuajiri?"

"Vua miwani tukuone!" wakapiga kelele wengine.

"Na hizi tupu ameziweka kando mbele ya wageni! Sasa tupu zangu nimuuzie nani mimi?"

Soko zima likaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. Halafu Verna akaniangalia mkono uliokuwa bado uko juu sikioni. Akasema polepole, "Mama, hilo sikio la kushoto nalijua. Hapa yuko mmoja tu anayezisikiliza kwa kushoto."

Wewe unajua sikio langu la kulia lilikufa nikiwa mtoto. Lyris masikio yake mazima yote mawili. Aliiga tu, alipokuwa anakaa magotini pangu pale benchini.

Nikageuka. Meza ya tatu ilikuwa na mikufu ya kungumanga na karafuu na mdalasini, imepangwa vizuri, na nyuma yake hapana mtu. Mkufu mmoja ulikuwa haujaisha, sindano bado imechomwa kwenye ganda jekundu la basibasi. Nilikaa kwenye kigoda chake. Kilikuwa na joto, dada. Nilikikalia mpaka kikawa na joto langu, mpaka meli ikapiga honi na watalii wote wakaondoka. Hakurudi.

Verna, aliyekuwa amemfuata Lyris nyuma ya soko, akaniletea chai ya kakao. Sikuweza kuinywa. Akaniambia, "Mama, nisikufiche. Amekutambua ulipocheka tu. Ameniambia hivi: Mama yangu ni mtu wa kuficha. Hata leo kaja amejificha."

Amesema kweli, dada. Unayajua yote. Alban alipolala kitandani, Lyris alikuwa Trinidad kwenye ushonaji. Nilimwandikia kwa mkono huu huu kwamba baba yako ana mafua tu, usiache kazi. Nilimwonea huruma, nikaogopa asije akapanda boti usiku na bahari mbaya. Wiki hadi wiki naandika mafua. Tulimzika Jumanne, Lyris akafika Alhamisi na chupa ya dawa ya kikohozi aliyomnunulia baba yake. Ile chupa aliiweka juu ya kaburi, akaniangalia, akaondoka. Hata kunitukana hakunitukana.

Jana Jumamosi nilikwenda tena, safari hii na sura yangu na gauni langu la kanisani. Meza yake imekunjwa. Verna anasema amehama soko na hakusema anakwenda wapi. Alilia aliponiambia, na mimi nikambembeleza yeye.

Sasa narudi pale nilipoparuka. Mimi si mzima, dada. Nina uvimbe kwenye ziwa la kushoto tangu kabla ya Krismasi. Nilimficha hata Ionie. Daktari wa hospitali amenipa Jumanne ya tarehe 8 Machi, wanipasue. Anasema huenda wamewahi, huenda hawakuwahi, mpaka wafungue ndipo waone. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha ya Alban, na aliyeumbuka ni mwanangu.

Ningeweza kwenda posta nikakupigia simu. Lakini najijua. Ningesikia sauti yako tu, ningesema hatujambo sote, namshukuru Mungu. Karatasi haiwezi kugeuza maneno.

Dada, najua Lyris anakuandikia. Nimejua miaka yote. Krismasi ile uliniandikia kwamba nywele zake amezikata fupi, ukasahau kwamba hukupaswa kujua. Sikukuuliza, kwa kuwa niliogopa ukiniambia, nawe utampoteza. Sikuulizi leo pia. Anwani yake kaa nayo.

Ninachokuomba ni kimoja. Barua hii ikikufikia, siku hiyo hiyo, mwandikie. Usimpunguzie. Usiseme mama hajisikii vizuri. Andika uvimbe, andika kupasuliwa, andika tarehe 8 Machi, wodi ya wanawake. Kama hataki kuja, ni haki yake, asije. Lakini asije Alhamisi tena, dada, asije tena na chupa mkononi. Ukishindwa kuandika, ikunje barua hii umtumie ilivyo, na makosa yangu ya mwandiko.

Nisalimie shemeji Wilfred, na Carlton, na Hyacinth na mtoto wake ambaye sijamwona. Ionie anakusalimu, anasema uje na miwani mingine maana hii nimeivunja. Mungu awafunike wote kwa mkono wake, na yule asiyetaka kuniona amfunike zaidi.

Wako akupendaye, anayeogopa lakini hafichi tena,

Mdogo wako,
Ianthe.