Kuvuka Mbele ya Mosi-oa-Tunya

Mama yangu,

Habari za huko nyumbani Munyaka? Macho yanaendeleaje?

Jana nimeona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yaani "moshi unaonguruma". Mama, mto mzima unaanguka mbele yako, na mngurumo unausikia mpaka kifuani. Nilianza kuvuka daraja jembamba linaloyatazama. Nilipofika katikati nikasimama, nikashikilia ukingo kwa mikono miwili. Manyunyu yalikuwa yananinyeshea kutoka chini! Bibi mmoja nisiyemjua akanishika mkono, akanipigia kelele sikioni, "Hata mimi naogopa. Twende tu." Tukavuka tukiimba, na hakuna aliyesikia sauti yake mwenyewe.

Alinialika kwake, na leo tumesafiri naye hadi Lusaka. Mji mkuu huu ni mkubwa, barabara pana, maghorofa ya vioo yanawaka kwa jua. Amenipikia ugali wao, laini kuliko wetu, na majani ya maboga yaliyoungwa kwa njugu. Kabla ya kula aliuliza jina lako, akaombea operesheni yako ya macho ya Jumatatu, niliyomweleza njiani, kama vile mmezaliwa pamoja. Nikaitikia amina, Mama.

Mungu akulinde. Nakupenda sana, hata kama huwa sisemi.

Binti yako,
Jerop