Macho ya Ofisini Nliyoyaomba Ruhusa

Maskati

Kwa dada yangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Nakuuliza hali yako na goti lako, kama sasa unazipanda ngazi za nyumba yetu ya Malindi, hapo Unguja, bila ya kushikwa mkono. Mama mpe shikamoo yake, mwambie mafuta ya mgongo nshampatia, nnatafuta wa kumpa ayalete. Shemeji Hamadi nnamsalimu, na wanao wote mpaka yule wa kunyonya. Mwanangu Salma, bibi harusi, mbusu kwenye paji la uso, mwambie hilo limetoka kwa mama yake. Mie mwili mzima ila moyo hauna raha, na sababu ndiyo hii nnayokuandikia.

Uliniambia upande wa mume, kule Makunduchi, wanataka harusi iwe Shaabani, kabla ya kufunga. Nikakujibu ntakuja, ruhusa nshaiomba. Dada, kuomba niliomba. Sikiliza nlivyoomba.

Katika ofisi nnayopiga deki kila meza ina kompyuta, mashine mfano wa televisheni. Moja, ile ya karibu na dirisha, ndani yake mna macho mawili makubwa ya kuchorwa, meupe, mboni nyeusi. Nikifuta meza upande wa kulia, macho yanakuja kulia. Nikienda kushoto, yananifuata. Nikajua bwana mkubwa huko alipo ananitazama, nnafanya kazi au nimekaa. Mwenyewe hatumwoni, sisi tunaingia alfajiri na kutoka kabla hajaja. Basi toka siku ile nikawa napiga deki na buibui langu mwilini, joto lote hili la Maskati, maana yale ni macho ya mwanamme. Nikiingia natoa salamu. Chini ya meza nafuta mara ya pili, ili aone.

Barua yako ilipofika nikajitanda vizuri, nikasimama mbele yake. Nikasema, "Bwana, mwanangu anaolewa Unguja. Sina mwengine. Naomba ruhusa Shaabani." Kisha nikakisogeza kile kidude wanachokishika mkononi, nifute chini yake. Macho yakashuka, yakapanda. Nikaona kakubali.

Nikangoja kuitwa. Sikuitwa. Asubuhi moja Thuraya, karani wa meza ile, akaja mapema. Bibi yake kazaliwa Mangapwani, kwa hivyo anasema kama sisi.

"Bi Asha, unazungumza na nani?"

"Na bwana mkubwa. Namkumbusha safari yangu."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Huo mchezo tu, Bi Asha, nimeuweka mie. Yanafuata hiki kidude kikienda, nawe unakisukuma ukifuta meza. Hamna mtu humo."

"Na ruhusa yangu?"

Hapo akaacha kucheka. Akaningojesha mpaka bwana mkubwa akaja, akaniingiza kwake. Yule bwana akanitazama, akamuuliza Thuraya kwa Kiarabu, "Huyu nani?" Kiarabu changu kidogo, lakini hilo nlilisikia. Ofisi yake naifuta toka Salma hajavunja ungo. Akasema Shaabani kashapewa mwenzangu aliyewahi kuomba, wawili hawatoki pamoja. Labda tukishafungua, Mfunguo Mosi, ataangalia.

Thuraya alitaka kuyaondoa yale macho, nikamwambia ayaache. Buibui sasa nalivua mlangoni.

Dada, watu wa Makunduchi waombe wangoje Mfunguo Mosi. Waombe weye, usimtume mtu. Singo ya mwanangu, ya kumsugua mwili ang'are, nataka nimpake kwa mkono wangu, na udi nimfukize mie. Wakikataa usinifiche ukasema mambo yote mazuri. Na Salma mwambie mama yake aliomba, tena alisimama akaomba, asije akasikia kuwa nlikaa kimya.

Nisalimie jirani yetu mshoni, na shangazi wa Mangapwani, na somo yake Salma, umwambie asianze kumfunda bila yangu mpaka nipate jawabu.

Posta usiiamini. Mtafute anayepanda ndege wiki hii umpe mkononi, hata maneno mawili: watangoja, au hawangoji.

Mie nduguyo,
Asha, mama yake Salma