Ufuo Ambao Hakuna Aliyeudai Siku ya Kunyoa

Mpendwa Baba,

Naibu wa chifu alitangaza kwenye baraza la Jumatatu kwamba ufuo wa mchanga ulio chini ya shamba lako utazungushiwa ua. Alisema mwanao Aggrey amepata mtu wa kununua mchanga, na ramani inaonyesha shamba lako linafika kwenye maji. Mwenye pingamizi aje Alhamisi.

Hapo ndipo tunapopaita Bichi tangu nikiwa darasa la pili. Kabla ya hapo palikuwa kona ya mto iliyojaa matete. Uliyafyeka mwenyewe, ukapanda miti mitatu ya lusiola, hatua thelathini kutoka majini, nami nikakushikia miche. Hukuwahi kulima ng'ambo ya miti hiyo. Mama Ayuma, jirani yetu, alipokuja na karai la nguo kuomba njia, ulimwambia, "Pita. Acha watu waoge. Mimi silimi mchanga."

Walikuja. Makanisa mawili yalibatiza hapo, kila moja na Jumapili yake. Wenye mafahali kutoka Malinya waliwaosha hapo kabla ya kuwapiganisha. Wanafunzi wa mjini waligundua kwamba picha zikipigwa vizuri, mto haujulikani kama si bahari. Mimi ulinifundisha kuogelea nikikumbatia mtungi mtupu. "Piga miguu," ulisema, "usipige kelele."

Baba, linalonisumbua ni siku ya kunyoa. Siku ya tatu baada ya kukuzika, tulikaa uani tukinyolewa, na mzee wa ukoo akauliza kama desturi inavyotaka: mwenye dai lolote kwa marehemu aliseme leo, kesho asilete. Mtu mmoja alisema jembe lake liko kwetu. Likaletwa. Mwingine alidai mpaka wa juu, akajibiwa. Mzee akauliza mara tatu. Kuhusu Bichi hakuna aliyefungua mdomo. Nilikuwa na daftari, kwa mazoea ya kazi, na nikaandika: "Hakuna dai lingine."

Aggrey anakumbuka daftari hilo. Jana alinipigia simu.

"Dada, kuja nayo Alhamisi. Usome hiyo ukurasa tu."

"Na maneno ya Baba kwa Mama Ayuma?"

"Alisema waoge. Alisema amewapa?"

"Hapana."

"Basi. Wewe ripota, si mnaandikanga kile mtu amesema? Halafu umeolewa Kabras. Mchanga ya huku inakuhusu nini?"

Aggrey si mwizi. Ana watoto watatu shuleni na miwa yake imekauka ikingoja kukatwa. Lakini lori zikianza kuteremka, mchanga huo hautapita misimu miwili. Nimeona kona nyingine za mto huu zilivyobaki: mashimo na maji yaliyosimama.

Baada ya simu hiyo nilishuka Bichi. Mama Ayuma alikuwa akianika shuka juu ya nyasi. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza siku ile.

"Na wewe ulinyamaza kwa nini?" akaniuliza. "Mimi nidai nini? Asubuhi ile ile nilikuwa nimefua hapa. Mtu anadai kile amenyimwa."

Nimeandika kesi za ardhi kwa miaka mingi na kulala vizuri. Sasa naamka nikiwa nimekunja ngumi. Naogopa kwamba nitasoma ukurasa ule kwa sauti yangu ya kazi na kila neno litakuwa kweli, na Bichi itakwenda. Naogopa pia kwamba nitakutilia maneno mdomoni, niseme uliwapa, kwa sababu nataka iwe hivyo. Ungeandika hata karatasi moja. Hilo nakulaumu.

Nimeamua hivi. Nitasoma ukurasa. Kisha nitasema ulichomwambia Mama Ayuma, bila kuongeza, na kwamba miche ya miti ile niliishika mimi. Kisha nitasema kwamba mzee alipouliza mara tatu, mimi pia sikudai, kwa kuwa sikujua kuna cha kudai. Aggrey huenda asinisalimie tena. Sijui kama itatosha.

Pumzika, Baba. Kikao ni Alhamisi, saa nne asubuhi, ofisini kwa naibu wa chifu. Mpimaji wa ardhi ataanza, Aggrey atafuata, na mimi ni wa tatu.

Binti yako wa pili