Klaksoni ya Papa

Mujukuu wangu Dieudonné,

Salamu kutoka Kisangani. Sisi tuko. Tantine yako amejifungua mutoto mwanamume, na magoti yangu bado yananisumbua. Unauliza: hiyo gari ya papa yangu unayotengeneza kule Bunia, uweke pyesi za zamani ao mpya?

Nilipokuwa kijana nilimufungia papa klaksoni mpya, maana ile ya zamani ilikohoa kama mbuzi mwenye mafua. Nilijivuna kweli! Papa akarudi kutoka Bafwasende, akapiga klaksoni kwenye kona yetu kama kawaida, akamukuta mama anafua nguo, kinu kikavu. Kumbe kila safari mama alikuwa anangoja kile kikohozi ndipo aanze kutwanga lituma ya ndizi, ili papa aikute ya moto.

"Nilisikia gari," mama akasema, "lakini sikusikia bwana yangu."

Donc, breki weka mpya kabisa, nataka ufike. Klaksoni usinunue. Ile ya zamani niliitunza, nitakutumia. Siku ya kuja, uipige pale kwenye kona, maana macho yangu hayanionyeshi tena ni nani anayekuja.

Koko wako