Maji ya Baba ya Kuoga

Jumanne usiku

Nadhani Baba anaoga kwingine kabla ya kurudi nyumbani. Sijamwambia mtu.

Tangu nimalize shule, kazi ya kuteka maji na kumwekea beseni la maji moto bafuni ni yangu. Anashinda kazini Malaba, mpakani, kwenye foleni ya malori, na zamani alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Wiki hii anarudi miguu safi, ananukia sabuni ambayo sisi hatuna.

Leo nilimwambia maji yako tayari.

“Wacha tu, mama. Sijachafuka.” Ananiita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake.

Hajachafuka, na Malaba ile! Labda wamewekewa bafu kazini. Lakini mbona haniangalii akiongea?

Mama akauliza kutoka jikoni, “Baba yako ameoga?”

“Ameoga.”

“Haraka hivyo? Kama mtoto wa bweni!” Akacheka.

Alipokwenda kufungia kuku, niliingia bafuni nikayaoga yale maji mwenyewe, ili akute beseni tupu.

Tafadhali, ukisoma haya, usimwambie Mama. Ataniuliza sabuni ile ni ya nani, na mimi naogopa kujua.